Tunakamua Mbele ya Barabara

Mnisamehe mwandiko. Herufi zangu zinalala upande kama majani baada ya mvua, na najua nimekosea maneno mengi, maana nilisoma hadi mwaka wa tano wa msingi tu, kisha shule ikafungwa na madawati yakawa kuni. Naandika polepole, ukurasa mmoja unaweza kunichukua siku mbili. Tena mimi si msemaji. Kwenye avenue yetu, yaani mtaa wetu, hapa Kindu wananijua kama yule dada anayejibu salamu ya kwanza tu. Lakini kuna jambo moja ambalo watu wamelisema sana kwa niaba yangu, na leo nalisema mwenyewe. Nyumbani kwetu tunakamua ng'ombe. Tulikamua wakati wa vita, tunakamua sasa, na hatujifichi.

Asiyejua Kindu atauliza kuna ajabu gani. Sisi ni watu wa mpunga, wa sombe, yale majani ya muhogo, na mawese, wa samaki wa mto Lualaba. Maziwa tunayajua ya unga, ya kwenye kopo, ya kutia kwenye chai siku ya Idi au siku mgeni amekuja. Mbuzi tunafuga, kuku na bata pia. Ng'ombe aliyefungwa uani katikati ya nyumba za watu, hilo halikuwa jambo la kwetu.

Wetu alikuja kwa miguu. Mjomba wa baba alikuwa amefanya kazi miaka mingi kwenye shamba moja la ng'ombe upande wa Kibombo, na shamba lile lilipokufa wafanyakazi waligawana mifugo iliyobaki. Yeye akapata ng'ombe mwekundu mwenye mimba, na kwa kuwa hakuwa na mtoto akamtuma kwetu. Mtu aliyemleta alitembea naye kando ya reli siku nyingi. Alipofika alikunywa maji, akala wali, akampa koko kamba, akarudi zake. Koko ni mama mzazi wa baba, ndiye aliyekuwa mkuu wa nyumba yetu. Mtu yule hakutuambia lolote, na sisi hatukujua la kumuuliza.

Ng'ombe alipozaa, tulifanya kosa ambalo nadhani watu wa mpunga peke yao ndio wanaoweza kulifanya. Tuliona ndama ananyonya asubuhi, mchana na jioni, tukasema huyu ni mwizi. Anamaliza maziwa yetu! Basi tukamfungia jikoni tangu alfajiri, ili kiwele kijae vizuri. Kisha koko akaenda na sufuria, akachuchumaa, akasema bismillahi, akavuta. Yakatoka matone, kama ya bomba lililofungwa. Kesho yake vivyo hivyo. Siku ya tatu mama alikuwa na hakika kwamba jirani fulani ameroga ng'ombe wetu, na baba akatafuta mtu wa kusoma dua.

Ndama mwenyewe njo alitufundisha, maana huku 'njo' ndiyo 'ndiye' yetu. Alikula kamba yake, akatoka jikoni akikimbia, akamparamia mama yake huku koko bado amechuchumaa pale na sufuria tupu. Alipiga kiwele kwa kichwa mara mbili, akashika chuchu moja. Ng'ombe akageuza shingo akamlamba mgongo. Na zile chuchu tatu nyingine zikaanza kudondosha zenyewe, bila mtu kuzigusa.

"Yoyo!" koko akapiga kelele. "Kumbe alikuwa anayashika! Huyu mama anayashika kwa ajili ya mutoto wake!"

Tangu siku ile ukamuaji wetu ukawa na utaratibu, na sijaubadilisha mpaka leo. Kwanza majani, ili ng'ombe awe na kazi mdomoni. Kisha kamba kwenye miguu ya nyuma, isibane. Kisha maji ya uvuguvugu kwenye kiwele, na kitambaa. Kisha ndama anaachiliwa. Unamwacha anyonye mpaka povu litoke mdomoni na mkia wake ucheze, halafu unamvuta, kwa nguvu kidogo maana hakubali, unamfunga karibu na bega la mama yake ili aendelee kumlamba. Unapaka chuchu mawese kidogo tu. Watu wengine nasikia wanapaka siagi, sisi tulikuwa na mawese. Matone ya kwanza yanakuwa na rangi ya machungwa, na watoto wa avenue walikuwa wanaimba kwamba ng'ombe wetu anatoa damu.

Halafu unakamua. Huvuti. Koko alivuta mwezi mzima kabla hajaelewa. Unafunga kidole gumba na cha shahada juu ya chuchu, kisha vidole vingine vinafuata kimoja kimoja kushuka chini, kama mtu anayekunja ngumi polepole kwa sababu amekasirika lakini hataki kupiga. Paji la uso unaliegemeza ubavuni mwa ng'ombe, hapo penye joto. Na chuchu moja huigusi. Hiyo ni ya ndama.

Mkamuaji alikuwa koko mpaka vidole vyake vikaanza kukunjika na kugoma kufunguka. Baba alikuwa na mikono migumu ya kazi ya reli, ng'ombe hakumpenda. Mama alikuwa mjamzito. Nikabaki mimi. Nilikuwa na miaka kumi na moja, na niliipenda kazi ile kwa sababu moja tu: ukikamua, huonani na mtu usoni.

Vita vilipotufikia, treni iliacha kuja. Baiskeli za mpunga kutoka Kibombo ziliacha kuja pia. Mjini kulikuwa na watu wenye bunduki, na msituni wengine, na sisi katikati. Katika siku zile mama akajifungua ndugu yangu. Kisha homa ikamshika, na alipoinuka kitandani kifua chake kilikuwa kimekauka. Mtoto alilia mpaka sauti ikaisha. Maziwa ya kopo hayakuwapo kwa bei yoyote. Koko akachemsha ya ng'ombe, akayapunguza na maji, akamnywesha kwa kijiko, tone kwa tone, na mtoto akalala. Hapo ndipo tulipojua kwamba uhai wa mtoto yule umefungwa kwa kamba kwenye kigingi cha uani.

Lakini mjini maneno yalikuwa yamebadilika. Kufuga ng'ombe ili uje umle, hilo kila mtu alilielewa. Kumkamua na kunywa maziwa yake, hiyo walisema ni tabia ya "watu wa ng'ombe", wale wa kutoka milimani ambao mji ulisema ndio walioleta vita, na katika siku zile kuitwa hivyo kulikuwa kama kuonyeshwa kwa kidole mbele ya watu wabaya. Mama wa nyumba ya pili, ambaye kabla ya vita alikuwa akituazima kinu, alisimama kwenye ua akasema kwa sauti ya kusikika na watu wote:

"Mimi minashangaa. Muntu wa Kindu, koko zake wa Kindu, sasa anakunywa ngombe. Mpaka umuulize vizuri, ametoka wapi huyu?"

Koko, ambaye watu wake walizikwa hapa kabla ya reli kuwapo, alikuwa anachambua sombe. Hakuinua kichwa. Akasema, "Mama, kinu chako kilikuwa na ufa. Nilikuwa ninaficha tu."

Lakini baba aliogopa, na sikumlaumu. Akaamua tukamue ndani ya jiko, mlango umefungwa. Tatizo likawa sauti. Mkamuaji yeyote anaijua: yale maziwa ya kwanza yanapopiga chini ya ndoo tupu, yanapiga kama mvua ya kwanza kwenye bati. Nyumba ya tatu wanasikia. Basi mama akakunja kitambaa, akakiweka ndani ya ndoo, nami nikakamua juu ya kitambaa. Sauti ikafa. Lakini kitambaa kilikunywa. Kila siku tulikikamua na chenyewe, mama upande huu, mimi upande ule, na bado kilibaki na chake. Koko alikitazama akasema, "Hii kitambaa inakunywa kuliko mutoto."

Tuliishi hivyo wiki kadhaa. Ng'ombe hakupenda jiko, moshi ulimwingia machoni. Maziwa yalipungua. Mtoto naye, mtu akimshika, alikuwa mwepesi kama kapu.

Siku moja, jua limekwisha kutoka, akaja shefu, mkuu wa avenue yetu, na vijana wanne. Mmoja alikuwa na kofia nyekundu ya kufuma, na kamba mpya mkononi. Vijana walikuwa wanalinda avenue usiku, na kila nyumba ilitakiwa iwape kitu cha kula. Hilo halikuwa jipya, tulikuwa tumekwisha kutoa bata. Baba alikuwa ametoka kutafuta mihogo. Shefu alimsalimu koko kwa heshima, mikono miwili.

"Mama mukubwa, hatukuje kwa ubaya. Tumefikiri vizuri. Hatutaki ile kubwa. Tutachukua kale kadogo tu."

Akaonyesha ndama.

"Tena njo tunakusaidia," akasema yule wa kofia. "Kadogo kanaiba maziwa yako. Tukikaondoa, utakuwa na maziwa mengi mpaka uyamwage, koko."

Wenzake wakacheka. Koko hakucheka, lakini nilimwona akiuma mdomo, maana yale yalikuwa maneno yetu wenyewe, yale ya siku za kumfungia ndama jikoni.

"Mukichukua kadogo," akasema, "maziwa yanaisha leo. Siyo kesho. Leo."

"Aa, mama mukubwa," shefu akasema. "Maziwa iko tumboni ya ngombe mukubwa. Kadogo kana kazi gani?"

"Basi mukamue."

"Nani?"

"Nyinyi. Mutoe ngombe jikoni. Kadogo kabaki ndani. Mukipata kikombe kimoja, kimoja tu, muchukue kadogo, sitasema neno."

Nilikuwa nimesimama nyuma ya mlango. Niliwaza, je, leo akiyaachilia maziwa bila ndama? Ng'ombe si mashine. Kuna siku mnyama anafanya asilolifanya mwaka mzima. Na mtoto alikuwa ameanza kulia kule ndani, kile kilio chake kidogo cha paka.

Walimtoa ng'ombe, wakamweka katikati ya ua, karibu na barabara. Watu walianza kusimama. Yule wa kofia akachukua sufuria, akachuchumaa upande wa kushoto, ambako ng'ombe wetu hakukubali mtu. Akashika chuchu mbili akavuta kama mtu anayepiga kengele ya kanisa. Hakuna kitu. Akavuta tena.

"Vuta, papa, vuta!" watu wakamwambia kutoka barabarani. "Unamuomba ao unamukamua?"

"Muimbie!"

Akavuta kwa hasira. Ng'ombe akainua mguu, bila haraka, akaipiga sufuria ikaruka mpaka kwenye maua ya jirani. Kijana akaanguka kwa makalio. Barabara yote ikacheka, hata shefu alifunika mdomo. Lakini kijana hakucheka. Alisimama, akapangusa mavi kwenye suruali, akasema, "Wamemufunga dawa. Hawa wanajua mambo ya ngombe kuliko muntu wa hapa. Munaona? Munaona sasa?"

Kicheko kikaisha. Niliona watu wakitazamana.

Hapo koko akaniita. Siyo kwa sauti ya kuomba.

"Mutoto, kuja."

Sikuwa nimewahi kusimama mbele ya watu. Shuleni nilipoitwa kwenye ubao nilikuwa natazama vidole vya miguu yangu mpaka mwalimu anichoke. Nilitoka. Nilibeba ndoo na ndani yake kile kitambaa kimekunjwa, kwa mazoea tu. Koko akaingiza mkono, akakitoa, akakitupa juu ya paa la jiko.

"Leo wasikie," akasema.

Nikafunga miguu. Nikaosha. Nilipofika kwenye ndama, fundo likakataa kufunguka, ikabidi nitumie meno. Ndama akatoka, akapita katikati ya miguu ya shefu, akaenda kwa mama yake. Sikumtazama mtu. Nilihesabu pumzi mpaka nikaona povu, nikamvuta ndama, nikamfunga begani, nikapaka mawese, nikaweka paji la uso pale penye joto. Pale ndani, kwenye ubavu wa ng'ombe, hakukuwa na shefu wala kofia nyekundu.

Yakapiga ndoo. Kwa wiki zote zile nilikuwa nimesahau ile sauti ilivyo kubwa. Nilikamua kwa mikono miwili, kulia kushoto, kulia kushoto, na kila pigo lilikuwa kama najibu mtu. Ndoo ilipoanza kuwa na povu na sauti ikawa nzito, nikaacha, nikamrudishia ndama chuchu yake.

Koko alimchukua shefu kwa mkono, mzee kwa mzee, akampeleka mpaka kwenye mlango ambako mama alikaa na mtoto.

"Angalia. Huyu hana maziwa ya mama yake. Ukichukua kadogo, umechukua na huyu. Basi uchukue wote wawili kwa kamba moja, nione utawabeba namna gani."

Shefu aliinama akamtazama mtoto. Kisha akajaribu jambo la mwisho, nadhani ili asiondoke mikono mitupu mbele ya vijana.

"Na tukichukua ile kubwa, tukakuachia kadogo?"

"Na kadogo atanyonya nini?" koko akauliza. "Kofia ya huyu?"

Waliondoka na jogoo na sinia ya mpunga. Kijana wa kofia alirudisha uso mara moja, akatema mate. Sitasema kwamba tuliwashinda. Jogoo alikuwa wa pekee, na usiku ule baba aliporudi na kusikia habari alikaa macho na panga mpaka asubuhi. Alimwambia koko, "Mama, umetuonyesha kwa watu wote." Koko akasema, "Walikuwa wanatuona. Sasa wamenisikia na mimi." Na asubuhi akahamisha kigingi. Akakitoa nyuma ya jiko, akakigongelea mbele, hatua nne kutoka barabarani.

Tangu siku ile nilikamua mbele ya barabara, kila asubuhi. Siyo kwamba aibu iliniisha. Watu walisimama wakanitazama. Mtu alichora pembe za ng'ombe kwa makaa kwenye ukuta wetu. Koko akasema ziachwe, amezichora vizuri. Siku mbili tulirushiwa mawe, moja likampiga ng'ombe mgongoni, na yule mnyama akageuka akanitazama mimi, kana kwamba nilijua sababu.

Kisha njaa ikazidi, na watoto wa avenue wakaanza kuvimba miguu. Alfajiri moja nilisikia mtu anagonga ukuta wa nyuma. Alikuwa mama wa nyumba ya pili, yule wa kinu. Alikuwa na kikombe ndani ya kitenge, amekificha kama kitu alichoiba.

"Mutoto mzuri," akaninong'oneza, "kidogo tu. Kwa mjukuu wangu. Usiseme kwa muntu."

Nikaenda kumwambia koko. Koko akatoka, akasimama upande wetu wa ukuta, akasema kwa sauti yake ya kawaida, ile kubwa:

"Maziwa iko, mama. Lakini kwangu hayapiti nyuma. Zunguka, pita mbele, wakati wa jua, kikombe mukononi. Nitakupa, wala sitaki kitu."

"Koko, wataniona."

"Njo hivyo."

Hakuja siku ile. Wala kesho yake. Nilimwona koko hana raha, anachungulia barabara huku anajifanya anafagia, na mama akamwambia, "Mutoto wa watu atakufa kwa ajili ya kiburi chako." Koko akaendelea kufagia. Siku ya tatu yule mama alikuja, jua limepanda, kikombe mkononi, kitenge kimefungwa kiunoni tu. Aliwasalimu watu wote wa barabara mmoja mmoja kama anayekwenda harusini. Nikamjazia. Siku zilizofuata wakaja wengine wawili, kisha watano. Hakukuwa na maziwa ya kuwatosha wote. Nilianza kumwachia ndama chuchu yake kwa shingo upande, naye ndama akakonda, lakini akaishi. Mjukuu wa yule mama aliishi. Ndugu yangu aliishi.

Sasa huyo ndugu yangu ana kifua kama mlango. Anachimba madini huko Kalima, na akija nyumbani nikimpa maziwa anaziba pua. "Dada, hii iko na harufu ya mnyama." Namwambia, wewe mwenyewe uko na harufu hiyo, uliumbwa nayo. Anacheka, anataka bia.

Koko alikwisha kufa, baada ya amani kurudi, kitandani kwake. Ng'ombe ninayemkamua leo ni mjukuu wa yule wa kwanza. Ni binti wa kale kadogo, na ana tabia ileile ya kukataa mtu wa upande wa kushoto.

Lakini vita vipo tena upande wa mashariki, watu wanafika Kindu na magodoro kichwani, na maneno yale ya zamani nayo yamefika. Juzi kijana wa pikipiki alisimama mbele yangu, akaacha mashine inanguruma.

"Dada, unakamua kama wale."

Mimi kujibu kunanichukua muda. Nilimaliza chuchu niliyokuwa nayo. Nikasema, "Nakamua kama koko yangu. Kaburi lake liko pale nyuma ya shule. Nenda ukamuulize ametoka wapi." Akaondoka. Niliogopa mpaka mchana, nakubali.

Baada yake akaja shefu wa sasa, kijana msomi, mtu mwema. Alikaa, akanywa chai ya maziwa, akasifu. Kisha akanishauri nimrudishe ng'ombe nyuma ya jiko, mpaka mambo yatulie, kwa usalama wangu na wa wanangu. Alisema kwa huruma, na sijui kama hana haki. Nina watoto wawili. Usiku ule sikulala. Asubuhi nilichukua nyundo, nikang'oa kigingi. Binti yangu akauliza, "Mama, tunarudi jikoni?" Nikakigongelea tena, hatua mbili kutoka barabarani.

Hapo ndipo nilipo leo ninapoandika, na sijui kesho italeta nini. Ndiyo maana nawaomba mniandikie. Niambieni kama kwenu pia kuna kazi ya mikono ambayo mmeambiwa muifanye gizani, na mlifanya nini. Anayeona nimekosea kwa watoto wangu, naye aniandikie, nitamsoma polepole kama ninavyoandika. Ila atie sahihi yake chini. Barua isiyo na sahihi nitampa ng'ombe, anapenda karatasi.